Neno la Njaa Halihesabiwi

Siku ile Mama Makochi alipomwambia mteja kwamba kochi lake linanuka kama mbuzi aliyelala mvuani, mteja hakununa. Aligeuka tu, akamtazama binti aliyekuwa akijaza mito pembeni, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa:

"Imeshuka?"

"Imeshuka," binti akajibu, tayari yuko wima. "Samahani, baba. Nipishe kidogo."

Akamshika mama yake mabega, akamkalisha juu ya rundo la sponji, akafungua soda na kumshikia mdomoni. Mama Makochi alipigana naye kidogo, akamwita mwizi wa misumari, kisha akanywa. Akanywa tena. Jasho lililokuwa likimtiririka shingoni likaanza kukauka, macho yaliyokuwa yakielea yakatua, na baada ya kitambo akatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

"Nimesema nini?"

"Umesema kochi la mzee huyu linanuka mbuzi."

"Futa!" Mama Makochi akashika kichwa. "Futa, mwanangu. Mzee wangu, nisamehe."

"Hakuna neno," mteja akasema, akijinusia kochi lake kisirisiri. "Ila kweli lina harufu kidogo."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya karakana ile. Sukari ya Mama Makochi ikishuka, ulimi wake ulifunguliwa kamba, ukazurura. Ikipanda, binti yake, ambaye kila mtu alimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa uzazi wa mama yake, alimsomea yote aliyoyasema, moja baada ya jingine, naye akaamua: futa au weka. Lililofutwa lilikuwa halijasemwa. Hakuna kununa, hakuna kulikumbushia, hakuna kulipeleka mtaa wa pili. Mtaa mzima uliijua sheria hiyo na kuiheshimu, pengine kwa sababu ilikuwa ikiwachekesha.

Kwa hiyo alipomwambia mwenye nyumba kwamba kichwa chake kina umbo la birika, lilifutwa. Alipomwahidi wifi yake kochi la mahameli alilolishona kwa ajili ya mtu mwingine, lilifutwa, japo wifi alikata rufaa. Alipomwajiri mpita njia aliyesimama mlangoni kuuliza njia ya posta, lilifutwa pia, lakini wakati huo mpita njia alikuwa ameshavua shati na kung'oa misumari ya kiti kizima, tena vizuri, ikabidi wamshukuru kwa chai.

Wapo waliodhani mwanzoni kwamba mama huyu ameanza kunywa. Haikuwashangaza sana, mjane, anafanya kazi ya nguvu, ana mdomo. Watu walikuwa wakisema Mungu alimpa kazi ya kubana misumari midogo midomoni ili majirani wapate kupumzika. Lakini Mama Makochi hakujua hata ladha ya pombe. Alichojua ni kwamba asipokula, dunia inalegea. Basi alikula. Alikula asubuhi, alikula katikati ya asubuhi, alikula akiwa amepiga magoti chini ya kochi na mkate mkononi. Akanenepa. Watu wakamsifu kwamba amenawiri, naye akapokea sifa huku akitafuna, maana alikuwa anakula kama mtu anayekimbizwa.

Sasa, katika maneno yote yaliyosomwa karakanani, moja tu halikufutwa wala halikuwekwa.

Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na karakana ya makochi, palikuwa na duka la vioo. Mwenyewe alikuwa mjane wa kiume, mrefu, mwenye vidole vilivyojaa makovu membamba kama mistari ya daftari. Walimwita Fundi Vioo. Mtu huyu alikuwa na mazoea ya kumposa Mama Makochi kama wengine wanavyosalimiana. "Habari za asubuhi, mama. Kochi limefika wapi? Tuoane lini?" Na Mama Makochi, sukari yake ikiwa imejaa mpaka juu, humjibu, "Siku utakayokata kioo bila kujikata." Fundi Vioo hucheka, hutazama kidole chake kilichofungwa kitambaa, huvuka barabara kurudi kwake.

Siku moja alivuka kuja kuomba gundi. Mama Makochi alikuwa ameinama, anavuta kitambaa kwenye kona ya kiti, mahali panapotaka kukunjwa kama bahasha. Fundi Vioo akasema kama kawaida, "Na tuoane basi." Mama Makochi akainuka, akatema misumari kwenye kiganja, akamzungushia mikono shingoni mbele ya Kitinda na mteja mmoja, akasema, "Ndiyo. Nakubali. Hata leo."

Furaha ya Fundi Vioo haikudumu hata pumzi mbili. Ngozi ya yule mama ilikuwa imelowa chapachapa na mikono yake ilikuwa ikitetemeka kama ya mtu aliyeshika mashine. Akaiweka furaha yake pembeni, akamkalisha, akakimbilia soda yeye mwenyewe, alijua inapokaa.

Mama Makochi alipotua, aliwakuta watu watatu wanamtazama.

"Nimesema nini?"

Kitinda akamsomea. "Umemkubalia Fundi Vioo. Umesema hata leo." Akangoja. "Futa au weka?"

Mama Makochi akachukua msumari mmoja, akaugeuza, akaurudisha.

"Hilo," akasema hatimaye, "liache kwanza."

Fundi Vioo alisimama, akajikung'uta vumbi ambalo halikuwapo. "Mimi neno la njaa silichukui, Mama Makochi," akasema kwa upole. "Ukipona nitauliza tena." Akaondoka. Gundi aliisahau.

Tangu siku hiyo mzaha wa kuposa ukakoma. Alichouliza Fundi Vioo kilikuwa kimoja tu, kutoka ng'ambo, mikono imezunguka mdomo: "Amekula?" Na Kitinda hupaza sauti, "Amekula!" Lakini akiona Mama Makochi amesimama vibaya, au amenyamaza isivyo kawaida yake, aliacha kioo mezani na kuvuka bila kutazama magari.

*

Daktari aliyeyagundua yote alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwenye uzi. Kwanza walimlaza Mama Makochi wodini na kumnyima chakula makusudi, wakimpima kila mara, mpaka sukari ikaporomoka na akamwambia muuguzi mkuu kwamba anatembea kama bata mwenye mkutano. Wakamwekea dripu ya sukari, wakamtoa damu, wakampiga picha. Kisha daktari akawaita ofisini, yeye na Kitinda na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye hakuwa amealikwa lakini alikuwa ameshakalia kiti kizuri.

"Kongosho unalijua?" daktari akauliza.

"La mbuzi au langu?"

"Lako. Limejificha nyuma ya mfuko wa chakula. Ndani yake pana kijivimbe, ukubwa wake kama punje ya harage. Si saratani, tumshukuru Mungu, lakini ni kisumbufu. Kazi yake ni kutoa insulini, ile inayoshusha sukari, na kinaitoa bila kuulizwa. Umekula, kinatoa. Hujala, kinatoa. Umelala, kinatoa. Ni mfanyakazi asiyejua kutazama saa."

"Tofauti na huyu wangu," Mama Makochi akasema, akimwelekezea Kitinda kidole. "Huyu haachi kuitazama."

"Saa ya kutoka nina haki ya kuijua," Kitinda akajibu.

Hospitali ya kwanza ilikuwa imemwambia kwamba atapasuliwa tumbo, akakataa katakata. Alisema yeye hachani kochi zima kwa ajili ya springi moja. Daktari huyu aliposikia hivyo alicheka mpaka miwani ikaruka kifuani.

"Basi tutaelewana. Kuna njia nyingine. Tunapitisha mpira mwembamba mdomoni mpaka kwenye mfuko wa chakula. Ncha yake ina kamera, na ina kifaa cha mawimbi ya sauti kama kile cha kutazamia mtoto tumboni. Nikiwa mle ndani naliona kongosho kwa karibu kabisa. Ni ukuta mmoja tu unaotutenganisha. Napitisha sindano ndefu kwenye ukuta huo, naingia katikati ya kile kijivimbe, nakichoma."

"Unakichoma," wifi akarudia. "Kwa moto?"

"Kwa umeme. Ncha ya sindano tu ndiyo inayopata joto. Kinachoiva ni kijivimbe, jirani zake hawasikii."

"Na wakati huo mimi niko wapi?" Mama Makochi akauliza.

"Umelala fofofo."

"Afadhali. Maana ningekupa ushauri."

Daktari hakumficha kitu. Alimwambia kwamba kongosho lina hasira, likiguswa linaweza kuvimba na kumpa maumivu makali, wakamweka wodini kwa muda. Alimwambia pia kwamba wakati mwingine kijivimbe hakifi kwa mara moja. Mama Makochi alisikiliza kama anavyosikiliza habari za kitambaa kipya: kinafifia, hakififii, kinapanuka kwenye joto? Aliporidhika akasema, "Nitakuja."

Walipokuwa wakitembea kuelekea nyumbani, Kitinda alikwenda mbele kununua mkate wa njiani, na Mama Makochi akamshika wifi yake kiwiko.

"Wifi, naogopa."

"Sindano?"

"Sindano naishika kila siku. Naogopa kupona." Akashusha sauti, kitu ambacho hakikuwa rahisi kwake. "Nikipona, Fundi Vioo atauliza. Alisema atauliza. Na mimi sijui nitajibu nini."

"Si ulishajibu?"

"Nani alijibu? Mimi au kile kijiharage? Nikiwa na akili zangu nimemkatalia tangu nimfahamu. Akili zilipoondoka, nikamkubalia. Sasa yupi ndiye mimi? Nikisema ndiyo, nitajuaje kwamba si ugonjwa umeacha mbegu? Nikisema hapana, yule mtu hatavuka barabara tena."

Wifi alifikiri. Alikuwa mtu wa utani, lakini alijua pa kuuweka.

"Kwanza," akasema, "kama unaniogopa mimi kwa sababu ya kaka yangu, acha. Kaka yangu alikuwa hawezi kusubiri hata chai ipoe. Huko aliko haketi kukusubiri. Pili, ulipokuwa na akili zako zote uliwahi kusema kwamba mimi napika vizuri, kwa hiyo hata hizo akili zako tusizisujudie sana."

Mama Makochi alicheka, akamega mkate ambao Kitinda alikuwa amerudi nao.

*

Siku yenyewe ilipofika walimpokea mapema, tumbo tupu, kwenye chumba chenye mapazia ya kijani na kitanda kilichopandishwa juu mpaka miguu yake ikabaki ikining'inia. Kwa mtu mwingine kukaa bila kula ni njaa tu. Kwake ilikuwa hatari, ndiyo maana dripu ya sukari ilitakiwa kutangulia. Lakini mishipa yake ilikuwa imejificha, na muuguzi alihangaika nayo mkono huu na mkono ule kabla haujapatikana mmoja. Dripu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kudondoka daktari alipoingia na karatasi ya kukubali matibabu na kalamu.

"Umeelewa tutakachofanya?"

"Nimeelewa. Lete nisaini," Mama Makochi akasema. "Lete na ya jirani nisaini. Una masikio mazuri, daktari, ungeyafunika kwa mahameli."

Kitinda na wifi wakatazamana. Daktari alimtazama muuguzi, muuguzi akamtoboa Mama Makochi kidole, akasoma kipimo, akatikisa kichwa. Daktari akaivuta kalamu taratibu kutoka kwenye vidole vilivyokuwa vimeshaishika.

"Tungoje dripu ifanye kazi," akasema. "Sukari ikiwa hapa, sahihi yake siwezi kuipokea."

Wifi akapiga makofi. "Wallahi! Hata hospitali wana futa na weka!"

Waliongeza dripu, wakangoja. Mama Makochi akarudi polepole, akaona kalamu iko mfukoni mwa daktari, akauliza kama kawaida amesema nini. Wakamsomea. Masikio yakafutwa.

"Na kusaini?" daktari akauliza. "Hilo nalo unalifuta?"

"Hapana. Nataka kusaini. Si nimekuja kwa ajili hiyo?" Uso ukamkunjamana. "Daktari. Kumbe hata ulipochukua kalamu, jibu langu lilikuwa hilihili."

"Lilikuwa hilihili."

"Kwa hiyo ulinichelewesha bure."

"Sikukuchelewesha bure," daktari akasema, akimpa kalamu. "Lile la kwanza lingeweza kuwa lako na lingeweza kuwa si lako. Sikuwa na njia ya kujua, hata wewe hukuwa nayo. Hili nalijua ni la nani."

Mama Makochi akasaini, herufi kubwa, zilizosimama vizuri. Kisha akakaa kimya hivi kwamba Kitinda alitaka kumpima tena.

Cha mwisho alichokiona kilikuwa taa ya darini na uso wa daktari wa usingizi, kijana mwenye barakoa yenye maua, akimwambia ahesabu makochi. Alipofungua macho koo lilikuwa linawasha na ulimi umekuwa mzito kama sponji iliyoloa. Alisema kitu. Kitinda akainama kusikiliza, akajizuia kucheka.

"Amesema daktari aolewe na mwenye nyumba," akatangaza. "Hili la dawa ya usingizi nalo linafutika?"

"La leo linafutika," daktari akajibu kutoka mlangoni, ameshika glavu mkononi. "Lakini ni la mwisho, mkae mkijua. Tumemaliza. Kimechomeka chote ninachokiona."

Baadaye aliwaonyesha picha kwenye skrini: kijivimbe cha mviringo, cheusi kuliko vyote vilivyokizunguka, mstari mweupe wa sindano ukiingia ubavuni, kisha mapovu meupe yakichemka katikati mpaka weusi wote ukafunikwa. Wifi aliomba arudiwe. Akaomba tena. Alisema ni mara ya kwanza kuona adui akipikwa mubashara. Muuguzi alikuja kutoboa kidole, na kipimo kilichokuwa kikiwatia hofu kwa miaka kikaonyesha sukari imepanda yenyewe, tena imepitiliza kidogo, kama mtoto aliyeachiwa kutoka shuleni. Dripu ikafungwa.

Usiku tumbo lilimuuma, kama daktari alivyokuwa amesema. Kesho yake liliuma kidogo. Siku iliyofuata akaomba chakula, si kwa kuogopa kuanguka, ila kwa sababu alisikia harufu ya chakula cha mgonjwa wa kitanda cha pili. Alikaa akiisikiliza ile njaa inavyonguruma bila kumdhuru, akatabasamu peke yake. Alikuwa amesahau kwamba njaa ni kitu kitamu namna hiyo.

*

Karakanani mambo yalibadilika, na si yote yaliyompendeza. Magauni yalianza kumpwaya. Aliweza kufanya kazi asubuhi nzima bila kugusa kitu, akafunga springi za kochi la watu watatu bila kuinuka. Lakini siku alipomwambia mteja mmoja kwamba rangi aliyochagua inafaa kufunikia jeneza, alimwona amenuna, akageuka kumtazama Kitinda.

"Futa," akasema.

"Mama, sukari yako ni nzima."

"Najua. Futa tu."

"Haifutiki. Mwombe radhi kama watu."

Ikabidi aombe radhi kama watu. Ilimchukua muda mrefu, na mteja akaifaidi.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa ng'ambo ya barabara. Fundi Vioo alikuja kumpa pole mara moja, na ndizi mkononi, akasimama karibu na mlango, akasema tumshukuru Mungu, akaondoka. Basi. Wiki zikapita. Alipunga mkono asubuhi, akapunga jioni. Hata lile swali lake la "Amekula?" likakoma. Mama Makochi aliyekuwa akiogopa kuulizwa akajikuta anaogopa kutoulizwa. Aligeuza meza yake ya kukatia vitambaa ili itazame barabara. Alijisemea ni kwa ajili ya mwanga.

"Anajifanya nani yule?" aliuliza siku moja, misumari mdomoni.

"Nani?" Kitinda akauliza, akijua fika.

"Yule mtu wa vioo. Alisema atauliza. Mtu mzima, neno lake ni neno."

"Labda ameghairi."

Mama Makochi akatema misumari yote kwa mpigo.

Asubuhi iliyofuata aliamka, akaoga, akavaa, na hakula. Hakusahau, hakutaka. Alitaka kwenda akiwa mtupu hivyo hivyo, asije akajiambia baadaye kwamba ilikuwa shibe. Kitinda alimwona akivuka barabara akiwa na aproni, akavuta stuli, akaketi mlangoni kama mtu aliyekata tiketi.

Duka la vioo lilikuwa limejaa Mama Makochi, kila kioo na wake. Wengine walikuwa wamesimama ukutani, wengine wameegemezwa sakafuni, mmoja mviringo, mmoja amekatika kichwa. Fundi Vioo alikuwa ameinamia meza iliyotandikwa blanketi, anavuta kisu chenye gurudumu juu ya kioo kipana, akipiga mluzi wa chini kwa chini. Mama Makochi hakumkatiza. Alijua kazi isiyotaka kukatizwa. Alingoja mpaka mstari ukafika mwisho, kioo kikasogezwa ukingoni, kikagongwa, kikakatika tak! kama biskuti.

"Umekula?" Fundi Vioo akauliza bila kugeuka. Alikuwa amemwona kwenye kioo.

"Sijala."

Akageuka upesi. "Tangu lini?"

"Tangu jana. Na sijambo kabisa. Mwenye tatizo ni wewe."

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Hujafanya. Ulisema nikipona utauliza."

"Nilisema."

"Nimepona."

"Naona."

"Sasa?"

Fundi Vioo alivua glavu moja. Ya pili akaiacha. "Mama Makochi, zamani nilikuwa na sababu ya kuvuka barabara. Nikiona umesimama vibaya, navuka. Nikiona umenyamaza, navuka. Sasa unasimama vizuri kutwa, na kunyamaza sijakuona ukinyamaza. Nimejiuliza, nikivuka, nitasema nimefuata nini?"

"Useme umenifuata mimi!"

Aliisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Ng'ambo, stuli ya Kitinda ilisogea.

"Na ile 'ndiyo' ya siku ile?" Fundi Vioo akauliza taratibu.

Mama Makochi alikuwa amelifikiria sana swali hilo njia nzima ya kuvuka barabara, na wiki zote kabla yake. "Ile sijui ilikuwa ya nani," akasema. "Nimeitafuta kila mahali, sijaipata. Siwezi kuisimamia. Ndiyo maana nimekuja nikiwa na akili zangu. Lakini uulize vizuri. Miaka yote umeniuliza kama mtu anayetupa jiwe gizani: likipiga, kapiga, lisipopiga, alikuwa anacheza. Ningekujibu nini? Nilikuwa nakurudishia jiwe lako."

Fundi Vioo akavua glavu ya pili. Akaipangusa mikono yake kwenye suruali, mbele na nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alionekana hajui pa kuweka urefu wake.

"Jioni nikifunga hapa," akasema, "narudi kwenye nyumba ambayo redio ndiyo inanikaribisha. Naiacha ikiwaka makusudi. Nimechoka nayo. Nataka nikaribishwe na wewe, hata kama ni kwa matusi. Naomba tuoane. Sichezi."

Mama Makochi alijisikiliza. Viganja vyake vilikuwa vikavu. Moyo ulikuwa unakwenda mbio, lakini ulikuwa unajua unakokwenda. Tumbo lilinguruma, likanyamaza. Akajitafutia sababu ya kukataa, kwa mazoea tu, akaipata moja, akaiona ni ya uongo, akaiacha.

"Ndiyo," akasema.

Fundi Vioo alimtazama shingo, kutafuta jasho.

"Usinitazame hivyo, nimesema ndiyo! Tena nina masharti. Karakana yangu inabaki yangu na jina langu libaki kwenye kibao."

"Libaki."

"Kitinda usimfanye mjumbe wako."

"Nimeacha."

"Na hiyo miluzi yako. Nimeisikia kutoka ng'ambo miaka yote, wimbo mmoja, na hujawahi kuumaliza."

"Hapo, mama, umegusa penyewe." Fundi Vioo alikunja mikono. Uso ulikuwa umemng'aa kama bidhaa zake, lakini shingo ilikuwa ngumu. "Mluzi ndio unaonyoosha mkono wangu. Bila mluzi mstari unapinda."

"Basi jifunze wimbo wa pili."

"Katika umri huu?"

Mteja aliingia, mwanamume mwenye kipande cha uzi alichopimia ukuta wake, akasimama kati ya vioo akitazama mmoja na mwingine na picha zao zote. "Habari za hapa? Nilikuwa nataka kioo cha bafuni."

"Karibu, baba," Mama Makochi akasema. "Hebu utungoje hapo nje kidogo, tunaoana."

Mteja akarudi nyuma hatua moja, akasita. "Mtachukua muda mrefu?"

"Hapana," Fundi Vioo akamjibu. "Tumebakiza mluzi tu."